Joto la Moto Linatoka Wapi?

Jioni moja katika darasa la watu wazima mama mmoja aliinua mkono. Akasema: "Mwalimu, kijiti cha kiberiti ni kidogo. Nikikiwasha kinazimika kabla sijahesabu ishirini. Lakini kijiti hicho hicho kikishika nyasi za kiangazi, kinaweza kumaliza kilima kizima. Moto wote ule mkubwa ulikuwa umekaa wapi?"

Darasa lilicheka. Halafu likanyamaza, maana hapakuwa na mtu mwenye jibu.

Swali la mama huyu ni swali kubwa. Wanafunzi wa sekondari wanalisoma katika somo la kemia, na wengi wanalikariri bila kulielewa. Sisi hapa Morogoro na milimani Uluguru tunaweza kulielewa vizuri zaidi, kwa sababu vitu vyenyewe tunavyo mkononi kila siku: kuni, mkaa, chokaa, na mafuta ya petroli. Na kulielewa si anasa. Kuna watu wamekufa kwa kutojua jambo hili.

JIWE LA MLIMANI

Tuanze na jiwe. Ukipanda Uluguru unaona mawe makubwa yamekaa ubavuni mwa mlima. Chukua jiwe moja. Limetulia hapo miaka mingi, kwa sababu mbele yake pana kituta cha udongo kinacholizuia. Sasa wanakuja vijana wawili, wanalisukuma kidogo, linavuka kituta. Basi, kazi imekwisha. Jiwe halihitaji tena kusukumwa. Linabingirika lenyewe mpaka bondeni, linavunja migomba, linaangusha na choo cha mtu.

Je, nguvu iliyovunja migomba ile ni nguvu ya vijana wawili? Hapana. Wao wamelivusha kituta tu. Nguvu ilikuwa kwenye jiwe tangu zamani, kwa sababu lilikuwa limekaa juu.

Kuni ni kama jiwe hilo, na kiberiti ni kama wale vijana. Kiberiti hakileti joto la kupikia ugali. Kinavusha kituta tu.

Lakini ziko tofauti. Kuni peke yake si jiwe kamili. Jiwe letu ni kuni pamoja na hewa. Katika hewa tunayovuta, sehemu moja katika kila sehemu tano ni hewa iitwayo oksijeni. Bila oksijeni kuni haziwaki. Funika moto kwa mchanga uone.

KUKATA NA KUFUNGA

Sasa tuingie ndani kidogo. Vitu vyote vimejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Wataalamu wanaziita atomi. Mti umejengwa hasa kwa atomi za kaboni, hidrojeni na oksijeni. Atomi hizo zimeshikana, kama kuni zilizofungwa mzigo kwa kamba.

Kuni zikiwaka, kamba za zamani zinakatika. Atomi zinaachana, halafu zinashikana upya kwa namna nyingine. Kaboni inashikana na oksijeni ya hewani, inakuwa hewa iitwayo kabonidioksidi. Hidrojeni nayo inashikana na oksijeni, inakuwa maji. Ndiyo, moto unatengeneza maji! Weka sufuria baridi juu ya moto, uangalie upande wa nje katika dakika ya kwanza. Utaona umande. Umande ule haukuvuja kutoka ndani ya sufuria. Umetoka kwenye moto. Sufuria ikishapata joto, umande unakauka, ndiyo maana wengi hawajawahi kuuona.

Hapa sikiliza vizuri, maana hata waliosoma wanakosea. Watu husema kwamba nguvu inatoka pale kamba zinapokatika. Si kweli. Kukata kunagharimu nguvu. Kufunga upya ndiko kunakotoa nguvu. Kiberiti kinalipa gharama ya kukata kamba za kwanza. Kaboni na hidrojeni zinapojifunga na oksijeni, zinatoa nguvu nyingi kuliko ile iliyotumika kukata. Kiasi kidogo cha nguvu hiyo kinakata kamba za jirani, na moto unaendelea wenyewe. Nguvu inayobaki inakuja kwetu kama joto na mwanga.

Nguvu hii ndiyo inayoitwa nishati. Na kugeuka huku kwa vitu kuwa vitu vingine kunaitwa badiliko la kikemia. Yako mabadiliko yanayotoa joto, kama kuwaka kwa kuni. Yako pia mabadiliko yanayokula joto.

NANI ALIPANDISHA JIWE?

Jiwe la mlimani halikupanda lenyewe. Na nishati iliyo katika kuni haikujileta.

Jani bichi ni kiwanda. Linavuta kabonidioksidi kutoka hewani, na mizizi inaleta maji kutoka ardhini. Hivi ni vitu vile vile vinavyotoka kwenye moto. Vimekaa bondeni, havina joto la kutupa. Jani linavibeba na kuvipandisha tena juu, linavigeuza kuwa sukari na mti, na oksijeni inarudi hewani. Kazi hii inakula nishati nyingi, na anayelipa ni jua. Kwa hiyo joto unaloota usiku pembeni ya mafiga ni jua lililopiga majani miaka mingi iliyopita. Mninga wa miaka 40 una jua la miaka 40.

Hata ugali ni hivyo hivyo. Kilo moja ya unga wa mahindi ina joto karibu sawa na kilo moja ya kuni kavu. Mwili wako unaichoma, lakini polepole, bila ndimi za moto, kwa kutumia oksijeni unayovuta. Mtu anayelima ngoloworo za mlimani anapumua kwa nguvu kwa sababu anahitaji oksijeni zaidi ya kuchomea chakula. Joto la mwili wako linatoka huko.

TUPIME KWA BIRIKA

Wataalamu wanapima joto kwa vipimo vyao. Sisi tupime kwa maji ya chai. Chukua maji ya kawaida, si ya baridi sana, uyapeleke mpaka yachemke. Tuseme joto lote linaingia kwenye maji, hakuna linalopotea. Kilo moja ya kuni kavu ingechemsha lita 45 hivi. Kilo moja ya mkaa ingechemsha kama lita 90. Kilo moja ya petroli ingechemsha kama lita 140.

Utasema: mbona kwangu kilo moja ya kuni haifiki hata lita 10? Kweli. Kwenye mafiga matatu, katika kila sehemu 10 za joto, labda moja au mbili ndizo zinazoingia chunguni. Nyingine zinaota ukuta, zinaota paka, zinatoka na moshi.

Na kuni mbichi je? Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake unaweza kuwa maji. Maji hayo lazima yachemke na kuwa mvuke kabla mti haujawaka vizuri. Kugeuza maji yanayochemka kuwa mvuke ni kazi kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Joto linalokausha lita moja kwenye sufuria mpaka iishe lingeweza kuchemsha lita 7 nyingine za maji ya kawaida. Basi katika kilo moja ya mti mbichi, joto la kuchemsha lita 4 limekwenda kukausha mti wenyewe.

Hasara hiyo ni kubwa, lakini iko kubwa zaidi. Mvuke ule unapoza moto. Moto ukipoa, hewa zinazotoka kwenye kuni haziungui zote, zinakimbia. Hizo ndizo moshi. Moshi ni kuni ambazo hazijaungua. Mama anayelia machozi jikoni kwa moshi wa kuni mbichi anapoteza macho, mapafu na kuni kwa wakati mmoja. Kuni zikatwe mapema, zipasuliwe, zianikwe kabla ya masika. Wazee wetu walijua hili bila kemia.

NDANI YA TANURI LA MKAA

Ukisafiri barabara za mkoa wa Morogoro unaona magunia ya mkaa yamesimama kando ya njia. Mengi yanakwenda Dar es Salaam. Mkaa unatengenezwaje, na joto lake linakwenda wapi?

Mchoma mkaa anapanga magogo, anayafunika kwa majani, halafu kwa udongo. Anaacha mlango wa kuwashia na matundu ya moshi. Moto ukishashika anaubana usipate hewa nyingi. Akiuachia, atakuta majivu.

Mwanzoni moshi ni mweupe na mzito. Huo hasa ni mvuke wa maji. Wakati huu tanuri linakula joto, na anayelipa ni sehemu ya magogo yale yale, ambayo inawaka ili kukausha mengine. Baadaye joto ndani linapopita nyuzi 270 au 280, jambo linageuka. Mti unaanza kuvunjika wenyewe kuwa mkaa, na kuvunjika huko kunatoa joto. Moshi unakuwa wa njano, unakaba koo. Mwisho moshi unakuwa mwembamba wa buluu. Mchoma mkaa hodari anausoma moshi kama sisi tunavyosoma gazeti. Akiona buluu, anaziba.

Sasa tupige hesabu. Katika tanuri la udongo la kawaida, kilo 10 za kuni kavu hutoa kilo moja au mbili tu za mkaa. Kilo 10 za kuni zingechemsha lita 450. Kilo mbili za mkaa zitachemsha lita 180. Kilo moja, lita 90. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya jua lililowekwa na mti imepotea hewani kabla gunia halijafungwa.

Mimi simlaumu mchoma mkaa peke yake. Watu wa mjini wanataka moto usio na moshi, na mkaa ni mwepesi kubeba kuliko kuni. Lakini hasara hii inaweza kupunguzwa. Magogo yakikauka kwanza, tanuri halili sana. Yakipangwa kwa kubanana, na tanuri likawekewa bomba la moshi, joto linazunguka vizuri na mkaa unaongezeka. Katika baadhi ya vijiji vya wilaya ya Kilosa, kuanzia mwaka 2012, Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania na mtandao wa MJUMITA waliwafundisha wanakijiji matanuri bora na kukata miti kwa mpango katika msitu wa kijiji, ili visiki vichipue tena. Msitu wa asili wa Uluguru wenyewe usiguswe. Ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008, na maji yake yanaingia mto Ruvu ambao sehemu kubwa ya Dar es Salaam inautegemea.

JIKO LA MKAA CHUMBANI

Mgeta na Bunduki mwezi wa 6 na wa 7 kuna baridi kali. Mtu anaingiza jiko la mkaa chumbani, anafunga dirisha, analala. Anasema: "Mkaa hauna moshi, hauna ubaya."

Hapo ndipo penye mtego. Mkaa karibu wote ni kaboni. Kaboni ikipata oksijeni ya kutosha, inakuwa kabonidioksidi na kutoa joto lake lote. Ikipata oksijeni kidogo, inasimama nusu ya njia. Inakuwa hewa nyingine, kabonimonoksidi. Jiwe limeporomoka, lakini limekwama katikati ya mlima. Na kwa kweli halijafika hata katikati: katika kila sehemu 10 za joto, kaboni imetoa sehemu kama 3 tu. Sehemu 7 bado ziko ndani ya hewa ile.

Umeshaiona hewa hiyo ikiwaka. Tazama jiko la mkaa usiku. Juu ya makaa kuna ndimi ndogo za buluu zinazocheza. Ni kabonimonoksidi inayopata oksijeni juu ya jiko na kumaliza safari yake. Lakini mahali pasipo na hewa ya kutosha haimalizi. Inabaki chumbani. Haina rangi, haina harufu. Ukiivuta, inashika damu na kukaa mahali pa oksijeni. Unavuta pumzi, lakini damu haibebi kitu. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, tumbo linachafuka, miguu inalegea. Aliyelala hasikii lolote kati ya hayo. Asubuhi wanagonga mlango, haufunguliwi.

Wengine hufunika makaa kwa majivu ili yadumu mpaka asubuhi. Kwa kupika chakula cha kesho ni akili nzuri. Kwa chumba cha kulala ni hatari zaidi, kwa sababu umezidi kuwanyima makaa hewa. Ota moto sebuleni mlango ukiwa wazi, halafu jiko litoke nje kabla ya kulala. Na ukimkuta mtu amezidiwa chumbani, usikae kumwuliza maswali. Mtoe nje kwenye hewa safi, kisha apelekwe hospitali, hata kama amezinduka.

CHOKAA INAREJESHA DENI

Mfano wa jiwe unaonekana vizuri kabisa katika chokaa. Pwani na visiwani watu wamechoma mawe ya matumbawe tangu zamani ili kupata chokaa. Majumba na misikiti ya Kilwa Kisiwani yalijengwa kwa mawe hayo na chokaa hiyo, na kuta nyingine zimesimama mpaka leo.

Mawe yanachomwa mpaka joto linafika kama nyuzi 900. Yanakula joto na kutoa kabonidioksidi. Kinachobaki ni jiwe jepesi jeupe, chokaa ambayo haijazimwa. Sasa imwagie maji. Inachemka! Inatoa mvuke, inapasuka, inakuwa unga. Mtu asiyejua atasema ni uganga, maji yamewasha jiwe. Kumbe tanuri lilikopesha joto, na sasa chokaa inalipa. Kilo moja ya chokaa hiyo inatoa joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita 3 za maji.

Lakini hailipi deni lote mara moja. Hapo imelipa zaidi kidogo ya theluthi. Sehemu iliyobaki inalipwa polepole ukutani, wakati chokaa inapovuta tena kabonidioksidi ya hewani na kugeuka kuwa jiwe kama zamani. Joto hilo huwezi kulisikia kwa mkono, kwa sababu linatoka kidogo kidogo kwa miezi na miaka. Ukijumlisha malipo yote mawili, unapata kiasi kile kile kilichokopwa na mawe kule tanurini. Hakuna kilichozidi, hakuna kilichopungua. Mimi nilipoisoma hesabu hii mara ya kwanza nilifurahi kama mtu aliyepata fedha alizokuwa amezisahau mfukoni.

Fundi anayezima chokaa atie chokaa kidogo kidogo ndani ya maji mengi. Asimwage maji kidogo juu ya lundo la chokaa, maana litaruka na kumpiga usoni. Chokaa inaunguza mara mbili, kwa joto lake na kwa ukali wake, na jicho likiingiwa lioshwe kwa maji mengi papo hapo kabla ya kukimbilia zahanati. Watoto wakae mbali. Gunia la chokaa isiyozimwa lisinyeshewe mvua ghalani, linaweza kupata moto.

JOTO LISILO NA MOTO

Chomeka mti ndani ya lundo la mboji, uuache kidogo, kisha uuchomoe na kuushika. Una moto. Wadudu wadogo wasioonekana wanakula majani na samadi na kuyachoma polepole kwa oksijeni, kama tumbo linavyochoma ugali. Joto linaweza kufika nyuzi 60. Mti ukitoka baridi, lundo halifanyi kazi: pengine ni kavu mno, au limeshindiliwa halina hewa. Lakini joto hilo hilo ukilikuta ndani ya gunia la mahindi, si habari njema. Mahindi yalihifadhiwa na unyevu, na ukungu unayala kabla yako.

Wakulima wa mboga wanajua pia jambo la kinyume. Tia mbolea ya urea kwenye ndoo ya maji, ukoroge. Ndoo inakuwa baridi mkononi. Urea inapoyeyuka inakula joto, na joto hilo inalichukua kwenye maji na kwenye kiganja chako. Hilo si badiliko kubwa kama kuwaka kwa mti, lakini hesabu yake ni ile ile. Chembe zimeachana kwa gharama, na joto la maji ndilo lililolipa.

MSAMVU, AGOSTI 2019

Sasa turudi kwenye kijiti cha kiberiti.

Siku ya Jumamosi, tarehe 10 Agosti 2019, asubuhi, lori la mafuta lilipinduka eneo la Msamvu, Morogoro. Petroli ikamwagika. Watu wakaja na madumu na ndoo kuchota, na miongoni mwao walikuwamo waendesha bodaboda. Moto ukalipuka. Wengi walikufa pale pale. Wengine walipelekwa hospitali ya mkoa na Muhimbili, na siku baada ya siku idadi ikaongezeka mpaka waliokufa wakapita 100. Taifa liliomboleza siku tatu. Wengi walizikwa makaburi ya Kola, hapa hapa Morogoro.

Baadaye watu walisema mengi. Wengine walisema ni tamaa. Mimi naona si haki kuwahukumu waliokufa kwa neno moja. Mtu anayeogopa moto wa kuni anaukimbia kwa sababu anauona. Petroli iliyomwagika inaonekana kama maji. Nani amemfundisha kwamba tayari amesimama ndani ya kitu kilicho tayari kuwaka?

Kumbuka vipimo vyetu vya birika. Kilo moja ya petroli ina joto kama mara tatu tu ya kilo ya kuni kavu. Mara tatu si nyingi kiasi hicho. Kama ungeweza kuichoma petroli polepole kama gogo, ingekuwa moto mzuri wa kupikia. Ubaya wake ni haraka yake, na haraka hiyo ina sababu mbili.

Ya kwanza, gogo linakutana na oksijeni kwa nje tu. Ndani hakuna hewa. Kwa hiyo linaungua tabaka kwa tabaka, kwa saa nyingi. Petroli haisubiri. Inakuwa mvuke yenyewe bila kuchemshwa, hata kwenye baridi kuliko barafu. Mvuke huo unajichanganya na hewa pande zote. Kila chembe yake ina oksijeni pembeni. Cheche ikitokea, hakuna tabaka la kusubiri. Mawe yote ya mlimani yanaporomoka kwa dakika ile ile.

Ya pili, kituta chake ni kifupi. Kuni zinataka nyasi kavu, kupulizwa na uvumilivu. Mvuke wa petroli unataka cheche ndogo tu: betri ya gari, pikipiki inayowashwa, sigara, chuma kilichogonga jiwe. Na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi. Unatambaa chini, unaingia mitaroni na mabondeni, unawafikia watu walio mbali na mafuta yenyewe.

Dumu moja la lita 20 lina joto la kuchemsha zaidi ya lita 2,000 za maji, yaani mapipa 10 makubwa. Fikiria joto hilo likitoka lote kwa mara moja miguuni mwa mtu. Lori linabeba madumu kama hayo mamia kwa mamia.

Gari la mafuta likipinduka kijijini kwako, rudi nyuma, na uende upande ambako upepo unatokea, sehemu ya juu, si bondeni. Usiwashe pikipiki hapo, isukume. Wapigie Zimamoto namba 114, lakini piga ukiwa mbali.

Kuna petroli nyingine iliyo karibu nasi kuliko lori. Vijiji vyetu vya milimani sasa vina pikipiki nyingi, na vituo vya mafuta viko mbali. Petroli inauzwa kwenye chupa za maji, inawekwa chini ya kaunta au chini ya kitanda, na jiko la mkaa liko chumba cha pili. Kizibo kikilegea, mvuke unatambaa sakafuni usiku mpaka kwenye jiko. Petroli iwekwe nje ya nyumba, kivulini, mahali penye hewa, kwenye chombo kinachofungika vizuri, mbali na watoto. Na ukiamka usiku ukasikia harufu yake ndani, usiwashe kiberiti wala swichi ya taa kutafuta inakotoka. Fungua mlango gizani, utoe watoto kwanza.